Redio mpya, spika zinapiga mluzi: anza na waya wa ethi kabla ya kwenda dukani

GITEGA/MUYINGA

MAGARI mengi madogo yanayobeba biashara kati ya mpaka wa Kobero, Muyinga na Gitega yalianza maisha yao Japani. Yalishushwa bandari ya Dar es Salaam, yakapewa namba za IT, yakaendeshwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi mpakani, na leo yanapakia dagaa, mahindi, vitenge na sabuni. Moja ya vitu vya kwanza ambavyo mwenye gari hubadili ni redio. Na hapo ndipo kero mpya huanza.

Redio mpya inawaka, taa zake zinapendeza, simu inaungana nayo bila taabu. Lakini dereva akiwasha injini, spika zinaanza kupiga mluzi. Akikanyaga mafuta, mluzi unapanda. Akiachia, unashuka. Wengine hawapati mluzi bali mvumo usiokoma, au mkwaruzo wa krr-krr, au mlio wa "tu!" kila wanapozima redio.

Wengi hurudi dukani kununua spika nyingine. Wanafunga nne mpya, wanawasha gari, na mluzi uko palepale. Kwa mfanyabiashara wa Burundi hilo ni pigo, kwa kuwa vifaa vya gari hununuliwa nje kwa shilingi au dola, na pesa za kigeni ni adimu. Spika zilizofungwa bila sababu ni mtaji uliotolewa kwenye mzigo.

Ukweli ni kwamba mluzi unaofuata injini hauzalishwi na spika. Spika ni mdomo tu. Husema ilicholetewa na waya. Na mara nyingi chanzo kinaweza kupatikana kwa masikio, bisibisi na mita ya umeme ya bei ndogo, bila kununua kitu. La muhimu zaidi, kelele nyingine ni onyo kwamba mfumo wa umeme wa gari umeanza kuharibika. Mwenye gari anayeifunika kelele hiyo bila kuielewa anaweza kujikuta amekwama usiku kati ya Karusi na Muyinga, mzigo ukiwa nyuma.

Kwa nini redio ya Japani haidumu

Matangazo ya FM nchini Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari ya huko ya miaka ya nyuma hukomea 90. Afrika Mashariki hutumia masafa ya megahezi 87.5 hadi 108. Kwa hiyo gari lililotoka Japani hukamata vituo vichache tu vilivyo chini ya 90, na vingine vyote havisikiki.

Tatizo la pili ni lugha. Redio zenye ramani huandika na kuzungumza Kijapani, na baadhi ya zile za Toyota hujifunga betri ikishatolewa, zikidai namba ya siri ambayo mnunuzi hana.

Wapo wanaokwepa gharama ya redio mpya kwa kufunga kibadilisha masafa, kifaa kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kushusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 20, kwa mfano, kituo cha 100 huonekana kwenye 80. Hufanya kazi, lakini huchukua umeme wake kwenye gari na hupitisha mawimbi yote ya antena. Kikifungwa na ethi mbovu, huingiza kelele kwenye kila kituo. Mwenye gari aliyebadili redio baadaye akasahau kukitoa kifaa hicho nyuma ya dashibodi huendelea kusikia mvumo na kulaumu redio mpya isiyo na kosa.

Sikiliza kwanza

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, kelele yenyewe inaweza kuulizwa maswali manne.

La kwanza: je, ipo injini ikiwa imezimwa? Weka swichi mahali redio inapowaka bila kuwasha injini. Ikiwa kelele ipo hata hapo, alteneta na plagi hazihusiki. Tafuta kwenye redio yenyewe, kwenye amplifaya au kwenye nyaya za spika.

La pili: je, inafuata mafuta? Mluzi unaopanda na kushuka kwa ulaini pamoja na mwendo wa injini unatokana na mkondo wa alteneta. Mlio wa tik-tik-tik unaoongeza kasi injini inapoongeza kasi unatokana na mfumo wa plagi. Hapa mwenye gari la dizeli ana unafuu: injini yake haina plagi za cheche, hivyo fundi anayemwambia abadili waya za plagi anampotezea fedha.

La tatu: je, inabadilika ukipunguza sauti? Teremsha sauti hadi sifuri. Ikiwa kelele imetoweka, inaingia kabla ya kitufe cha sauti: kwenye antena, simu au flasha. Ikiwa imebaki vilevile hata sauti ikiwa sifuri, inaingia baada ya hapo: kwenye nyaya zinazokwenda kwa spika au kwa amplifaya, au kwenye ethi na umeme unaolisha vifaa hivyo.

La nne: je, ipo kwenye kila chanzo cha sauti? Sikiliza FM, kisha flasha, kisha Bluetooth. Kelele inayosikika kwenye FM peke yake inakuja na antena. Inayosikika simu ikiwa kwenye waya peke yake inakuja na chaja. Inayosikika kote inakuja na umeme au ethi ya redio.

Majibu ya maswali hayo manne yaandikwe kwenye karatasi. Fundi anayepewa karatasi hiyo huanza kazi akiwa nusu ya njia, na mwenye gari halipii saa za kubahatisha.

Ethi au masse, waya ni ule ule

Fundi aliyejifunza Dar es Salaam huuita ethi. Aliyejifunza kwa Kifaransa Gitega au Bujumbura huuita masse. Ni waya mmoja: ule unaorudisha umeme kwenye upande hasi wa betri kupitia bodi ya gari. Mfanyabiashara anayenunua vifaa upande mmoja wa mpaka na kuvifungisha upande wa pili ni vyema ayajue majina yote mawili, kwa sababu ndipo kelele nyingi zinapoanzia.

Ethi nzuri inahitaji chuma kwa chuma. Fundi mwenye haraka hubana waya mweusi wa redio chini ya skrubu yoyote anayoiona nyuma ya dashibodi. Skrubu hiyo huenda imeshika plastiki, au chuma kilichopakwa rangi, au kipande chembamba kisichogusa bodi vizuri. Umeme unapita, redio inawaka, lakini unapita kwa shida. Tofauti ndogo ya volti inayobaki hapo hubeba mtetemo wa alteneta na kuuingiza kwenye sauti.

Kuna jaribio la dakika moja. Washa injini, cheza wimbo kutoka kwenye flasha, kisha chomoa waya wa antena nyuma ya redio. Kwa kuwa wimbo hautoki hewani, haupaswi kubadilika. Ikiwa redio imezimika, au mluzi umebadilika ghafla, redio ilikuwa inajipatia ethi kupitia ganda la waya wa antena. Waya mweusi haufanyi kazi yake.

Mwenye mita anaweza kupata uhakika zaidi. Mita iwekwe kwenye volti za betri, waya mmoja uguse bodi ya redio, wa pili uguse kichwa hasi cha betri, huku redio ikipiga kwa sauti kubwa na injini ikiwaka. Namba isizidi sehemu ya kumi ya volti, yaani 0.1. Ikizidi, ethi ni mbovu.

Tiba ni rahisi. Tafuta boliti iliyoshika chuma cha bodi, kwangua rangi hadi chuma king'ae, bana waya kwa kichwa cha shaba na kaza barabara. Waya uwe mfupi. Kama gari lina amplifaya, nayo ipate ethi yake kwenye chuma cha bodi kilicho karibu nayo, pamoja na waya mnene kama ule unaoleta moto. Baada ya hapo paka grisi kidogo juu ya boliti. Vumbi na mvua za barabara za vijijini huleta kutu upesi.

Rangi zinazodanganya

Redio nyingi zinazouzwa madukani hufuata rangi zinazofanana. Waya wa njano ni moto wa kudumu, mwekundu ni moto wa swichi, mweusi ni ethi, wa bluu ni wa antena, na wa bluu wenye mstari mweupe huwasha amplifaya. Nyaya za spika huwa nne za jozi: nyeupe kwa mbele kushoto, kijivu kwa mbele kulia, kijani kwa nyuma kushoto, zambarau kwa nyuma kulia. Katika kila jozi, wenye mstari mweusi ni hasi.

Tatizo ni kwamba gari lenyewe lina rangi zake. Kwenye Toyota nyingi za Japani zenye soketi za matundu 10 na 6, ethi ni waya wa kahawia, moto wa kudumu ni wa bluu wenye mstari wa njano, na moto wa swichi ni wa kijivu. Waya mweusi kwenye soketi ya gari si ethi hata kidogo: ni chanya cha spika ya nyuma kushoto. Wa njano ni hasi ya spika hiyo hiyo.

Fundi anayekata soketi na kuunganisha mweusi kwa mweusi na njano kwa njano ameigeuza spika kuwa njia ya umeme. Matokeo yake ni redio isiyofanya kazi inavyotakiwa. Kwa kuwa rangi hutofautiana kati ya modeli na mwaka, kila waya upimwe kwa mita kabla ya kuunganishwa. Njia salama zaidi ni kununua soketi ya kati inayoingia kwenye ile ya gari bila kukata kitu. Siku gari litakapouzwa, redio ya zamani inarudishwa bila kuacha vidonda kwenye nyaya.

Jambo la pili linalosahaulika linahusu nyaya hasi za spika. Kwenye magari ya zamani sana baadhi ya spika zilikuwa zikitumia bodi ya gari kama waya wa kurudisha. Redio za sasa haziruhusu hilo. Waya zote mbili za kila spika hubeba umeme, karibu volti sita kila mmoja, na hakuna hata mmoja unaotakiwa kugusa bodi. Ukigusa, sauti hukwaruza, redio hujizima kwa kujilinda, au hufa kabisa.

Kupima, chomoa soketi ya redio, weka mita kwenye ohmu, gusa waya wa spika na bodi ya gari. Mita isionyeshe njia yoyote. Kisha pima kati ya nyaya mbili za spika moja: spika ya ohmu 4 huonyesha kati ya 3 na 4 hivi. Ikionyesha sifuri, nyaya zimegusana. Isipoonyesha kitu, waya umekatika, na mahali pa kutafuta kwanza ni penye bawaba za mlango, ambapo waya hujikunja kila mlango unapofunguliwa.

Iwapo sauti inatoka safi lakini besi imepotea baada ya kubadili redio, huenda spika moja imegeuzwa chanya na hasi. Chomoa nyaya zake na uziguse kwa sekunde moja kwenye betri ndogo ya tochi ya volti 1.5. Chanya ikikutana na chanya, karatasi ya spika husogea kuja nje. Spika zote zisogee upande mmoja.

Simu na chaja ya bei rahisi

Dereva wa biashara haachani na simu. Ndiyo ofisi, ndiyo benki, ndiyo mzani wa bei kati ya Ngara na Muyinga. Ikiwa imechomekwa kwenye chaja ya kiberiti cha gari na wakati huohuo waya wa sauti umeingia kwenye redio, ethi mbili tofauti hukutana ndani ya simu moja. Zikipishana hata kidogo, mluzi huzaliwa.

Jaribio ni la sekunde tano: chomoa chaja. Mluzi ukinyamaza, redio na spika ni wazima. Suluhisho ni kuchaji kutoka kwenye tundu la redio yenyewe, kutumia Bluetooth badala ya waya, au kununua kitenganishi cha sauti, kifaa kidogo chenye koili mbili ndani kinachopitisha muziki bila kuunganisha ethi.

Chaja zisizo na vichujio ndani huharibu pia FM bila hata kugusa redio. Hutoa mawimbi yanayoingia kwenye antena. Taa za LED za bei ndogo hufanya hivyo hivyo. Kelele inayosikika kwenye FM tu itafutwe kwa kuzima kifaa kimoja kimoja: chaja, taa, kamera, kingine, hadi kituo kisafike.

Mluzi unapokuwa onyo

Ethi ikishatengenezwa, soketi zikahakikiwa, simu ikachomolewa, na mluzi bado upo kila mahali, zamu ya alteneta imefika.

Alteneta huzalisha umeme wa kupanda na kushuka, kisha dayodi zilizo ndani yake huunyoosha ili uchaji betri. Kwa kawaida dayodi kuu ni sita au zaidi. Moja ikifa, gari halisimami siku hiyo. Taa ya betri kwenye dashibodi inaweza isiwake. Lakini umeme unakuwa na mawimbi, alteneta inachaji pungufu, na betri inaanza kudhoofika. Redio ni kati ya vifaa vya kwanza kutoa taarifa, kwa sababu kazi yake ni kugeuza mawimbi kuwa sauti.

Kipimo kinafanyika juu ya betri. Kwanza volti za kawaida: injini ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima husoma karibu 12.6. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Kisha mita igeuzwe kwenye volti za umeme wa nyumbani, taa kubwa ziwashwe, mafuta yakanyagwe kidogo. Namba ikizidi nusu volti, dayodi zinatiliwa shaka. Mita nyingine za bei ndogo hudanganya kwenye kipimo hiki, kwa hiyo zipimwe kwanza injini ikiwa imezimwa: zisiposoma karibu na sifuri hapo, jibu lake lisitegemewe.

Mazoea mabaya yanayoonekana kwenye gereji nyingi ni kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama gari litazimika. Betri ndiyo inayomeza mapigo ya ghafla ya umeme. Ikichomolewa, volti hupanda kwa kishindo na inaweza kuua redio mpya, kompyuta ya injini, na hata dayodi zilizokuwa nzima. Mwenye gari anayo haki ya kukataa jaribio hilo.

Hapa pia ndipo kichujio cha umeme kinapoleta hasara ya kimya. Ni kifaa kinachofungwa kwenye waya wa njano kupunguza mluzi, na kina kazi yake halali pale ambapo kila kitu ni kizima. Kikifungwa juu ya alteneta inayokufa, mluzi unanyamaza na ugonjwa unaendelea. Mfanyabiashara anaondoka Gitega alasiri na redio safi, anawasha taa jua likizama, na betri isiyochajiwa vizuri inamwacha njiani. Dayodi mpya hugharimu kidogo kuliko gari lililovutwa na samaki walioharibika.

Wenye malori: volti 24 si volti 12

Malori mengi ya Fuso na Isuzu yanayovuka Kobero hutumia volti 24, wakati redio nyingi za madukani ni za volti 12. Kuhesabu betri hakutoshi, kwani yapo magari yenye betri mbili zinazotoa volti 12 tu. Pima kwanza.

Njia ya mkato inayopendwa ni kuchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili. Redio inawaka na haina kelele, lakini betri hiyo inanyonywa kila siku huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi. Baada ya muda zote mbili hufa. Njia sahihi ni kipunguza volti kinachobeba mzigo wa redio, angalau ampea 10 kwa redio ya kawaida isiyo na amplifaya. Vipunguza vibovu hutoa mvumo mwembamba hata injini ikiwa imezimwa. Kifungwe mbali na waya wa antena, kipate ethi nzuri, na kijaribiwe kabla ya kulipiwa.

Wati za kwenye boksi na shaba isiyo shaba

Kwa anayeuza redio na spika Muyinga au Gitega baada ya kununua Kariakoo, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au Soko la Kisekka jijini Kampala, kelele ni suala la jina la duka. Mteja hatakumbuka kwamba kosa lilikuwa la fundi.

Hesabu moja inasaidia. Redio isiyo na amplifaya ya nje, ikipata volti 14.4 na spika ya ohmu 4, haiwezi kutoa zaidi ya wati 26 hivi za sauti safi kwa kila spika, na kwa kweli hutoa karibu 20 au pungufu. Maandishi ya "wati 50 mara 4" ni kilele cha sekunde chache chenye sauti iliyopasuka. Mteja anayefungua sauti hadi mwisho akitafuta wati 50 atasikia mkwaruzo na kuamini kwamba spika ni mbovu.

Nyaya nazo zina ujanja wake. Waya nyingi zenye rangi ya shaba ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukigeuka mweupe, si shaba tupu. Waya huo hupitisha umeme karibu theluthi mbili tu ya shaba ya unene uleule, na hukatika kwa kukunjwa. Kwa spika unaweza kuvumiliwa ukiwa mnene zaidi. Kwa moto na ethi ya amplifaya ni kualika joto na kelele.

Fyuzi ibaki ya namba iliyoandikwa, kwa kawaida ampea 10 hadi 15 kwa redio. Karatasi ya sigara au uzi wa waya badala ya fyuzi ni kiberiti kilichofichwa chini ya dashibodi. Waya wa amplifaya unaotoka moja kwa moja kwenye betri uwe na fyuzi yake ndani ya sentimita 45 kutoka betrini.

Dukani, redio iwashwe kabla ya kufungwa boksi, sauti ipandishwe nusu bila wimbo, na isikilizwe kama inavuma. Dhamana nyingi za maduka haziendi mbali na mlango wa duka, na nauli ya kurudisha redio Dar es Salaam hula faida yote. Risiti itunzwe pia kwa ajili ya forodha. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, unasamehe ushuru wa forodha kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Redio iliyotengenezwa China haigeuki kuwa bidhaa ya Jumuiya kwa sababu tu imenunuliwa Kariakoo, na anayeivusha kwa matumaini hayo atakwama Kobero.

Mpangilio wa kazi

Kanuni inayookoa fedha ni moja: badili kitu kimoja, sikiliza, ndipo uende kwa kingine. Fundi anayebadili ethi, soketi na spika kwa pamoja hata akifanikiwa hatajua alichotengeneza, na mteja atalipia vyote vitatu.

1. Uliza kelele maswali manne na uandike majibu.

2. Chomoa chaja, simu, taa za ziada na kibadilisha masafa.

3. Chomoa antena wakati flasha inacheza, kisha pima na kutengeneza ethi.

4. Hakiki rangi za nyaya kwa mita, na hakikisha hakuna waya wa spika unaogusa bodi.

5. Tenganisha nyaya za sauti za amplifaya na waya wa moto. Zipite upande mwingine wa gari, na zikilazimika kukutana zivukane kama msalaba badala ya kulala pamoja.

6. Pima alteneta na betri.

7. Fikiria kichujio, redio nyingine au spika nyingine, kwa mpangilio huo.

Hatua sita za kwanza zinaweza kufanyika kwenye uwanja wa gereji ya Muyinga wakati lori linasubiri hati zake mpakani. Ya saba ndiyo inayogharimu fedha, na gari nyingi hazitafika huko.